Dobi Mwenye Kampuni

Dobi alikuwa mtu wa akili timamu mpaka Jumapili ile shemeji yake alipomweleza hisa ni nini. Kabla ya hapo alijua namna ya kutoa doa la wino kwenye shati jeupe, na namna ya kukaa kimya mkewe akikasirika, na elimu hizo mbili zilimtosha kabisa kuishi mjini.

Shemeji mwenyewe, mdogo wa mkewe, alikuwa karani kwa dalali wa hisa. Siku hiyo alikuja kula tu, maskini wa Mungu, hakujua anakwenda kuwasha moto wa namna gani. Aliulizwa swali la adabu: hivi shemeji, kazi yako hasa ni ipi, maana tangu uanze tunasikia tu "ofisini, ofisini".

"Tunawanunulia watu hisa," akajibu.

"Hisa ndiyo nini?"

Shemeji akatazama huku na huku akitafuta mfano, akauona mche wa sabuni ya bluu uliolazwa dirishani. "Hii sabuni ina kampuni yake, si ndiyo? Basi chukulia kampuni ndiyo huu mche. Unakatwakatwa vipande vidogo vidogo, vinauzwa. Ukinunua kipande, wewe ni mwanahisa. Kampuni ikipata faida, na wewe unapewa chako. Kinaitwa gawio."

Dobi akaacha kutafuna. "Yaani mimi naweza kuwa mwenye kampuni ya sabuni?"

"Mmoja wa wenye kampuni. Mtakuwa maelfu, shemeji."

Ila dobi alikuwa hasikii tena. Yale maneno "mmoja wa" yaliingia sikio hili yakatokea lile, likabaki "mwenye kampuni" peke yake, limekaa kichwani limekunja nne. Sabuni hii alikuwa ameisugua tangu ujana wake. Ilikuwa imemla vidole, imemchubua kucha, imemwingia machoni mara zisizo na idadi. Leo anaambiwa anaweza kuimiliki.

Sasa, pesa walikuwa nazo. Hapo ndipo penye hofu, kwa sababu hazikuwa pesa za kuchezea. Zilikuwa za mashine ya kufulia, na mashine hiyo haikuwa anasa. Ilikuwa dawa ya mkono wa mke.

Asiyewahi kufua mashuka ya nyumba ya wageni ataona nakuza mambo. Shati mtu hulikamua peke yake. Shuka la kitanda kikubwa halikubali. Mmoja hushika huku na mwenzake kule, kila mtu akalisokota kwa upande wake mpaka maji yamwagike. Blanketi ndiyo usiseme. Dobi na mkewe walikuwa wamesokota hivyo tangu enzi za uchumba, hata watani wakasema ndoa yao ilifungwa kwa shuka bichi. Lakini mwaka ule mkono wa kulia wa mke ulianza kugoma, ukianzia kiwiko ukapanda mpaka bega, na daktari akasema wazi aache kukamua. Ataachaje, na mashuka hayajikamui? Dobi alijaribu kufunga ncha moja kwenye nguzo ya uani akasokota mwenyewe, nguzo ikang'oka. Ndipo wakaanza kuweka haba na haba, na kibaba kilikuwa kimekaribia kujaa.

"Tukizinunulia hisa," dobi akamwambia mkewe, macho yanang'aa, "hicho kilichopungua kitajazwa na sabuni yenyewe."

Shemeji akaweka kijiko chini. "Jamani, nilikuwa natoa mfano! Pesa unayoihitaji karibuni haiendi kwenye hisa. Bei inapanda, bei inashuka. Kule unapeleka pesa ambayo hata ikikaa miaka huulizi iko wapi. Halafu mtu hanunui kampuni moja tu."

"Hilo nimelielewa," akasema dobi, na kweli alilielewa, maana lilikuwa jambo la kazi yake. "Huwezi kuanika nguo zote kwenye kamba moja. Ikikatika, zote topeni."

"Hasa! Ndiyo hivyo hivyo!"

"Ila sasa, shemeji, kamba nyingine mimi sizijui. Hii ya sabuni naijua."

Wote wawili wakamgeukia mke. Huyu alikuwa mwanamke wa maneno machache na vicheko vingi, na udhaifu wake mkubwa duniani ulikuwa kumwona mumewe akifurahi. Alimtazama pale alivyokaa ukingoni mwa kiti, wali umemganda kidevuni, uso umechangamka kwa ndoto. Moyo ukamlegea.

"Mwaka mmoja," akasema. "Ukiisha nataka mashine yangu. Na jina langu liandikwe pamoja na lako, nisije nikaambiwa kampuni ni ya ukoo wenu."

Basi zikapelekwa. Siku ya kununua, dobi alivaa shati alilolipiga pasi mara mbili, akakaa mbele ya dalali akiwa amenyooka. Dalali akabonyeza hiki, akabonyeza kile, akasema tayari.

"Tayari nini?" dobi akauliza.

"Umeshakuwa mwanahisa."

Dobi akatazama mikono yake. Ilikuwa ile ile. Kwa kweli alitegemea atapewa japo ufunguo. Hata hivyo alirudi nyumbani kifua mbele, na njiani alipoona tangazo la sabuni ya bluu ukutani, alisimama akalifuta vumbi kwa leso.

Siku hiyo hiyo akaingia duka la kona. Kwenye rafu, sabuni ya njano, ya kampuni pinzani, ilikuwa imepangwa juu panapoonekana, na ya bluu imesukumwa chini kabisa, jirani na mafuta ya taa.

"Ndugu yangu, sabuni yetu umeiweka chini kwa nini?"

"Yenu na nani?" akauliza mwenye duka.

"Yetu sisi wenye kampuni."

Mwenye duka, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amebishana naye kwa ajili ya chenji, akamtazama toka utosini hadi kwenye ndala. "Basi bosi, niletee mzigo kwa bei ya kiwandani."

"Hayo yako idara nyingine," akajibu dobi bila kupepesa macho, akapita nyuma ya kaunta, akaanza kuhamisha miche kwa mkono wake. Mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa umeshampa jina. Mwenye Kampuni! Watu walilisema kwa dhihaka, yeye akaitika kwa moyo mkunjufu.

Nikwambie ukweli, sijapata kuona mtu akifurahia uchafu namna ile. Watoto waliocheza kwenye dimbwi mbele ya nyumba, ambao zamani aliwafukuza na ndoo mkononi, sasa aliwatazama kwa upole kama wajukuu zake. Mvua ikinyesha, anasugua viganja. Mteja akileta shati la kazi, anaulizwa amelivaa siku ngapi, na akijibu siku mbili, dobi anasikitika. "Siku mbili! Ndugu yangu, unataka tufilisike?" Povu alilopiga kwenye beseni zamani lilimfika kwenye kifundo cha mkono. Sasa lilimfika kwenye kiwiko. Mke akikohoa kuashiria sabuni inaisha, anajibiwa kwamba haiishi, inazunguka tu, inatoka mfuko huu inaingia mfuko ule.

Kisha akaja mama mkwe kutembea.

Alipokewa kwa heshima zote, akawekewa maji ya kuoga, akaonyeshwa mche mpya wa bluu uliokatwa vizuri na kuwekwa juu ya kisahani. Mama mkwe akashukuru. Akafungua mkoba wake, akatoa leso, akaifungua taratibu fundo kwa fundo, na ndani yake kulikuwa na kipande cha sabuni ya njano.

Dobi akahisi kizunguzungu. Lakini mama mkwe ni mama mkwe, humwambii neno. "Mama," akasema kwa sauti nyembamba, "sabuni ipo hapa."

"Nimekuja na yangu, mwanangu. Usisumbuke."

"Ya hapa ni nzuri sana, Mama. Haina kero."

"Naamini, baba. Ila ngozi ya uzee haipendi wageni."

Dobi akaingia jikoni akafunga mlango. "Mama yako anatuhujumu!" akamnong'oneza mkewe. Mke alicheka mpaka akashika ukuta. Kwa siku zote za ugeni ule, dobi alikaa uani akisikiliza maji yakimwagika bafuni, na kila kata ya maji ilimchoma. Siku ya kuondoka akamsindikiza mama mkwe mpaka kituoni, amembebea mkoba, na ndani ya mkoba adui kalala kwenye leso.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia walipokuwa wakisubiri gari, "nimesikia habari za kampuni yenu. Hongera. Na hii ya njano nayo, wanauza hivyo vipande?"

"Sijui, Mama," akasema dobi, uso umemkunjamana. Kamba ya pili ilikuwa imemfuata mpaka nyumbani, naye akaisindikiza na mkoba akaubeba. Lakini mtu aliyependa haambiliki.

Na kwa muda, lazima niseme, mapenzi yale yalilipa. Shemeji alikuwa akipiga simu mara kwa mara kuwapa habari, na habari zilikuwa nzuri. Bei ilipanda kidogo, ikapanda tena. Gawio la kwanza likaingia. Lilikuwa dogo hilo, la kuonea huruma, lakini ganda la muwa la jana chungu kaona kivuno. Dobi akawanunulia soda wapangaji wote wa uani, na soda zile zikazidi gawio. Hakujali. Alisimama katikati yao na chupa juu. "Kunyweni! Hii si jasho langu, hii pesa imezaliwa yenyewe imelala!" Hata mke naye akaanza kuambukizwa. Siku moja dobi alimkuta dukani akimweleza mwanamke asiyemjua, kwa ufasaha kabisa, kwamba ya bluu haichubui.

Mwaka ukaisha. Shemeji akapiga simu siku ile ile. "Shemeji, hesabu yako imetimia. Ukiuza leo, mashine unanunua na nauli ya kuileta inabaki. Uza."

Dobi akamtazama mke. Mke akamtazama dobi. Wote walikuwa wameiona dukani ile mashine nyingine, ile yenye kioo mbele, unakaa kwenye kiti unatazama nguo zikipinduka.

"Mwezi mmoja tu," akasema dobi.

"Mwezi mmoja si kitu," akasema mke, huku akijikanda bega kwa mkono wa kushoto.

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mwezi ule ule kampuni ya njano ikapunguza bei ya sabuni yake, na watu wakaikimbilia kama wameambiwa inagawiwa. Rafu za mwenye duka zikarudi zilivyokuwa. Hisa za bluu zikaanza kushuka, zikashuka mpaka zikapita chini ya pale walipoanzia. Sasa hata ile mashine isiyo na kioo ikawa haifikiwi.

Hapa ndipo dobi alipofanya jambo ambalo dalali hawezi kulifanya, wala mwalimu, wala mwenye benki. Ni dobi tu angelifikiria. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa akapiga hesabu yake hivi: bei imeshuka kwa sababu sabuni hainunuliwi, sabuni ikinunuliwa bei itapanda, na yeye ni mtu ambaye akiamua kununua sabuni, hakuna wa kumzuia. Akaanza. Kila alicholipwa kwa kufua kikaenda kununua miche ya bluu, leo duka la kona, kesho duka la pili, keshokutwa ng'ambo ya barabara ili watu wasimshtukie. Mwenye duka akashangaa, akaagiza mzigo mwingine. Dobi akauona mzigo ule ukishushwa, akatabasamu kama amiri jeshi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na siku moja mke akainama. Alikuwa akitafuta kandambili. Alichokikuta ni ukuta wa bluu, umeanzia kichwani mwa kitanda ukaishia miguuni.

"Baba!" akaita. "Njoo hapa! Hii ni nini?"

"Sabuni," akasema dobi mlangoni.

"Naiona ni sabuni. Ya nini yote hii?"

"Napandisha bei."

Akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoisikia sauti yake mwenyewe ikipungua nguvu. Mke akakaa sakafuni. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafikiri.

"Kwa hiyo," akasema, "umeinunua sabuni yako mwenyewe, kwa pesa yako mwenyewe, ili ujipe faida mwenyewe. Na mwenye duka kachukua chake hapo katikati."

"Ukilisema hivyo..."

"Na hao maelfu wenzako wamekaa kwao, wanangoja gawio la sabuni uliyonunua wewe."

Mke akaanza kutikisika mabega. Dobi alidhani analia, akapiga magoti mbele yake, kumbe ni kicheko kimemkaba. Kilipotoka kilitoka chote, na dobi naye kikamshika, wakacheka pale chini kando ya kitanda chao, harufu ya sabuni imewajaa puani, mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta.

"Tuuze?" dobi akauliza walipotulia, kwa sauti ndogo.

"Tukiuza sasa ni hasara. Tusubiri. Mimi mkono wangu wala hausumbui siku hizi."

Na dobi akaamini, kwa sababu alitaka sana kuamini.

Ndipo ukaja mwaliko wa mkutano mkuu wa wanahisa. Wawili hao walijiandaa utadhani wanaoana upya. Asubuhi ya siku yenyewe mke akamwomba mumewe amfunge kilemba, akisema leo anataka kudekezwa, naye dobi akamfunga kwa raha zake. Waliingia ukumbini wameshikana mikono. Mlangoni wakabandikwa vitambulisho kifuani, wakapewa kila mmoja mfuko wenye chupa ya maji na kipande cha sabuni ya bluu kimefungwa utepe. Viti vilikuwa na vitambaa vyeupe. Dobi akavikagua kwa siri na kuona havikusuuzwa vizuri.

Mwenyekiti, mtu mnene mwenye miwani, akasimama. "Ndugu wanahisa," akaanza.

Mke akampiga dobi kiwiko. "Ametuita sisi!"

Yakasemwa mengi. Ya njano imeleta ushindani, mwaka ulikuwa mgumu, wanahisa wawe na subira, subira huvuta heri. Dobi aliitikia kwa kichwa kila neno. Mke alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mdomo wazi kidogo, uso umemeremeta. Maisha yake yote watu wenye miwani walikuwa wamempa nguo chafu na maagizo. Hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje.

"Tunapendekeza wakaguzi wa hesabu waendelee kwa mwaka mwingine," akasema mwenyekiti. "Wanaoafiki wanyooshe mikono."

Mke hakuwajua wakaguzi hao wala baba yao, lakini aliwaafiki kwa moyo wote. Mikono ikasimama ukumbi mzima. Dobi akanyoosha wake, akageuka kumtazama mkewe wafurahi pamoja.

Mke alikuwa ameuingiza mkono wa kushoto chini ya kiwiko cha kulia, anausukuma juu kama mtu anayejitwisha ndoo iliyojaa. Ulifika kifuani. Akauma mdomo akausukuma tena, ukafika usawa wa kidevu, ukakataa hapo. Na bado alikuwa akitabasamu.

"Samahani, yule mama pale nyuma," mwenyekiti akasema akirekebisha miwani, "sijaelewa. Unaafiki au huafiki?"

"Mimi naafiki, mwenyekiti," mke akajibu kwa sauti kubwa. "Mkono ndio hauafiki."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akacheka mpaka akavua miwani, watu wa mbele wakageuka kumwona, na mke mwenyewe akacheka kuliko wote, amefurahi kuchekesha watu wakubwa.

Dobi hakucheka. Alikuwa amekaa na mkono wake mzima bado uko juu, ameusahau. Alikumbuka kilemba. Alikumbuka kwamba siku nyingi sasa mkewe haaniki nguo, anazirusha juu ya kamba kisha anazivuta kwa mkono wa kushoto. Kwamba hata chai anammiminia kwa mkono huo huo. Yote hayo yalikuwa yakitendeka mbele ya macho yake, na macho yake yalikuwa kwenye rafu za dukani. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Hapo hapo, katikati ya vicheko, akajua atakachofanya kesho.

Kesho yake alikuwa mlangoni kwa dalali kabla hapajafunguliwa.

"Shemeji, usiuze ikiwa chini!" shemeji akamsihi. "Hii itarudi. Mimi nakaa humu kila siku, naona. Kampuni haijafa. Ngoja kidogo."

"Naamini itarudi," akasema dobi. "Lakini ulinifundisha mwenyewe siku ile, pesa inayohitajika karibuni haikai huku. Nimechelewa kusikia, ila nimesikia. Uza. Nibakizie chache tu za dada yako, awe na mahali pa kwenda kuitwa ndugu."

Shemeji akamtazama, akaona hapa hapana mjadala, akauza.

Zilizopatikana hazikutosha mashine ya kioo wala isiyo ya kioo. Dobi akazunguka madukani siku nzima akirudishwa kwa adabu, mpaka akafika kwa muuza vitu vilivyotumika, penye majokofu yasiyo na milango na feni zenye shingo iliyovunjika. Kwenye kona akaona pipa jeupe la plastiki, fupi, lina mfuniko na waya.

"Hiyo siyo mashine kamili, mzee," muuzaji akamwambia. "Nisikudanganye. Haifui hiyo. Inakamua tu."

"Umesemaje?"

"Haifui. Kufua utafua mwenyewe. Yenyewe inakamua tu."

"Rudia tena, kaka yangu."

"Inakamua tu!"

Dobi akamkumbatia yule muuzaji, akamnyanyua kutoka chini.

Siku ya kuijaribu, uani palijaa. Dobi alifua shuka, akalitumbukiza likichuruzika, akafunga mfuniko, akamwambia mke abonyeze. Mke akabonyeza kwa kidole kimoja. Pipa likanguruma, likatetemeka, likaanza kutembea lenyewe kuelekea getini, na dobi akalirukia akalikumbatia kwa mikono na miguu, meno yanagongana, anapiga kelele, "Haendi mtu! Haendi mtu!" Wapangaji walikaa chini kwa kucheka. Lilipotulia, mke akavuta shuka, akaliweka shavuni. Lilikuwa karibu kavu. Akalizungusha mbele na nyuma, akamtazama mumewe aliyekuwa bado amelipakata pipa, na ndipo akalia kidogo, akisema ni kwa ajili ya kicheko.

Tangu siku hiyo hakukamua tena hata soksi. Daktari alimwonyesha mazoezi ya kuupandisha mkono ukutani kwa vidole, pole pole, naye akayafanya kila siku akihesabu kwa sauti. Wiki zikapita, ukaingia mwezi mwingine.

Asubuhi moja ya jua kali, dobi amechuchumaa kwenye beseni, simu ikalia. Akaibana kwa bega.

"Shemeji!" Ilikuwa sauti ya shemeji, ya mtu asiyejua acheke au alie. "Nikwambie au nisikwambie? Imepanda! Imepanda mpaka imepita ile bei ya mwaka jana. Mngengoja kidogo tu mngechukua hata ile ya kioo. Pole sana, shemeji wangu, najua inauma."

Dobi aliinua macho kutoka kwenye beseni. Alikuwa akitazama uani. Mkewe alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, vibanio vitatu mdomoni, anaanika shuka la kitanda kikubwa. Mkono wa kushoto ulishika pindo upande huu. Wa kulia ulitambaa kwenye kamba, ukanyooka, ukanyooka tena mpaka kwapa likafunguka, ukalivuta pindo la pili mpaka kule juu kabisa kamba ilikofungwa, na mwenyewe wala hakugundua, kwa sababu alikuwa akiimba.

"Shemeji? Upo?"

"Nipo. Kweli imepanda."

"Umejuaje na wewe?"

"Naiona hapa."

"Kwenye simu?"

"Yote miwili, shemeji," akasema dobi. "Mpaka juu ya kamba."